Aliyenong'ona Mbele ya Watahini

Treni ilikuwa imeshaanza kujivuta kutoka stesheni ya Tiszaszög, na Bodnár Ambrus alikuwa bado anakimbia kandoni mwake, mfuko wa karatasi mkononi, shati limemtoka nje ya suruali. Mkewe, Etelka, alikuwa ametoa mkono mzima dirishani.

"Kimbia, baba! Usinitazame mimi, tazama unapokanyaga!"

"Ungeubeba mwenyewe toka mezani ningekuwa nimeketi saa hizi!"

Mfuko ulifika. Ndani mlikuwa na pogácsa kumi na mbili, vile vimkate vya mafuta ya nguruwe, bado vya moto.

"Halafu ongea nao kama unavyoongea na mimi!" Ambrus alipiga kelele, sasa amesimama, mikono magotini.

"Nikiongea nao hivyo watanifunga!"

Abiria wawili walicheka. Etelka alipandisha kioo, akaketi, akala kimkate cha kwanza kabla stesheni haijapotea. Hakuwa mtu wa kukosa hamu ya kula kwa sababu ya mtihani.

Alikuwa na miaka hamsini na moja, na miaka ishirini na mitatu kati ya hiyo alikuwa mlinzi wa tuta la kuzuia mafuriko ya mto Tisza. Kilomita kumi na moja zilikuwa zake. Kuzitembea, kuzifyeka, kuziba mashimo ya mbweha, na maji yakipanda, kutolala. Alisoma chuo cha maji kwa masomo ya jioni, akafaulu kila somo, lakini shahada hakupewa, kwa kuwa sheria ilisema asiye na cheti cha lugha ya kigeni hapewi shahada. Basi shahada yake ikalala kwenye kabati la chuo, mwaka wa kwanza, wa pili, hadi wa kumi na mbili. Wala haikumnyima usingizi. Tuta halikuwahi kumwomba karatasi.

Kisha mwaka huo, 2007, mkuu wa sehemu akasema anastaafu Novemba. Sehemu nzima ni kilomita sitini na walinzi sita, na mtu yeyote wa mtoni ukimwuliza nani akikalie kile kiti, angekutajia Etelka kabla hujamaliza kuuliza. Kilichokosekana ni karatasi. Maombi yangefungwa mwisho wa mwezi, na mtihani wa siku hiyo ndio ulikuwa wa mwisho ambao cheti chake kingewahi. Akianguka, kiti angekikalia mtu wa ofisini aliyelijua tuta kwa kuliona kwenye ramani, na angekikalia hadi Etelka mwenyewe astaafu.

Alishaanguka mara tatu. Mara zote tatu kwa kosa moja, na kosa lenyewe ni la nchi nzima. Shuleni kwao mtoto huitwa ubaoni, anasimama wima, anamwaga somo zima alilolikariri, anarudi kuketi. Ndivyo walivyolelewa, na ndivyo wanavyoufanya mtihani wa lugha: mada ishirini na nne, zote kichwani neno kwa neno, omba tu uokote kadi uliyoikariri vizuri. Etelka alizikariri zote. Ila mtahini akimkatiza kwa swali, uzi unakatika, na ili aupate tena inabidi aanzie mwanzo, kama mtu aliyeulizwa ubeti wa tatu wa wimbo wa taifa. Mara ya kwanza alianza mwanzo mara mbili. Mara ya tatu alianza mara tano, na mtahini akaomba maji.

Safari hii alikwenda kwa Kelemen Dezső, mwalimu mstaafu, jirani yake wa nyumba ya tatu. Mzee huyu alifundisha Kirusi miaka ishirini na minane. Kirusi kilipofutwa shuleni, serikali ikamwambia sasa fundisha Kiingereza, naye akakifundisha, akiwa mbele ya wanafunzi wake kwa somo moja, siku nyingine nusu somo.

"Mada zako ishirini na nne sizitaki," alimwambia. "Peleka nyumbani, washia jiko."

"Mwalimu, nimezisotea miaka minne!"

"Na zimekuangusha mara tatu. Chukua hili."

Lilikuwa daftari la shule lenye jalada la kijani, kurasa zimepigwa mstari katikati. Kushoto Kiingereza, kulia Kihungari. Maneno yote yalihusu kazi moja tu, kusema mbele ya watu. Kihungari huchukua neno lake moja la usemi, beszéd, na kulivika koti la kila shughuli: la sikukuu, la mazishi, la kanisani, la kuinulia glasi. Kiingereza kina mtu tofauti kwa kila koti. Lipo neno la hotuba, lingine la mhadhara wa profesa, lingine la mahubiri, lingine la yule anayesema bila kushusha pumzi mpaka watu watafute viatu vyao. Kisha zikafuata kurasa za njia za kupita: nianze na hili, niruhusu nirudi nyuma kidogo, hapo umenigusa, nitalijibu hilo muda si mrefu, kwa maneno mengine, sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

"Mtu asiyejua jina la samaki kwa Kiingereza hafi," alisema Dezső. "Anasema yule mnyama wa majini. Lakini asiyejua kusema niruhusu nirudi nyuma kidogo, huyo akishakatizwa tumemzika."

Majira yote ya joto Etelka alitembea tuta na daftari mfukoni mwa aproni, akiwahutubia korongo. Alianza na hili, akarudi nyuma kidogo, akajikatiza mwenyewe, akajijibu. Kufikia Septemba aliyajua maneno yote ya kushoto na ya kulia, na yale ya Kiingereza yalikuwa yanamtoka bila kupitia Kihungari kwanza. Hata hivyo mada ishirini na nne hakuziwashia jiko. Alizibakiza kichwani, kwa usalama tu, kama mtu anayebeba mwavuli siku ya jua.

*

Mtihani ulifanyika Budapest, ghorofa ya nne, kwenye chumba chenye meza moja ndefu. Kwenye ukumbi wa kungojea alikuta mtu mmoja tu, mwanamume wa miaka thelathini hivi, mabega kama kabati la nguo, anatoka jasho.

"Mama, wewe ni wa saa nne na nusu? Basi mimi ni mwenzako. Tunaingia wawili wawili. Szalárdi Barnabás."

"Bodnár Etelka. Mbona unatoka jasho hivyo, mwanangu? Wewe hufanya kazi gani?"

"Mchungaji. Kanisa la Kireformati, upande wa Debrecen."

Etelka alimtazama toka kichwani hadi viatuni. "Mchungaji? Si unasema kila Jumapili?"

"Watu mia tatu. Bila karatasi."

"Na hapa kuna watu wawili tu, na wenyewe wameketi."

"Wale mia tatu hawana ruhusa ya kuuliza swali, mama."

Etelka alicheka hadi mlango ukafunguliwa kuona kuna nini. Alimpa kimkate, kijana akakila chote kwa mara moja.

Watahini walikuwa wawili. Katikati aliketi Daktari Ormos Gizella, mwanamke mwembamba wa karibu miaka sitini, nywele fupi, kalamu tatu zimepangwa mbele yake sambamba. Pembeni yake kijana, Lengyel Zalán, ndiye mwenye karatasi ya alama. Alieleza utaratibu kwa Kiingereza, na kuanzia hapo kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza. Kwanza mazungumzo ya wawili, alama thelathini na tano. Kisha kila mmoja peke yake atoe maelezo ya dakika tano juu ya kadi atakayoiokota, alama sitini na tano. Wa kufaulu ni mwenye sitini kwa jumla.

Kadi ya wawili ilisema hivi: shule ya kijiji chenu inatimiza miaka mia, kubalianeni nani aseme siku hiyo na kwa muda gani. Etelka karibu acheke tena. Ilikuwa daftari la kijani lenyewe.

Alianza yeye, akasema vizuri, sehemu yake yote, na akamalizia kwa kumgeukia mwenzake: "Na wewe, mchungaji, utasema nini siku hiyo?"

Barnabás alikohoa. "Mimi... asubuhi... kanisani... nitatoa..."

Neno la mahubiri kwa Kiingereza halikuwepo. Neno la kazi yake, la mshahara wake, la kila Jumapili ya maisha yake, limeondoka. Shingo ilimgeuka nyekundu hadi masikioni. Kalamu ya Zalán ilishuka kwenye karatasi.

Sasa sikiliza jinsi ilivyo kwa watu hawa. Shuleni kwao, aliyeketi dawati la kwanza ana wajibu mmoja mtakatifu, nao ni kumnong'oneza aliyeitwa ubaoni. Hujali kama mnapendana. Jana mlipigana, leo anazama, unamtupia neno. Asiyenong'oneza hukumbukwa kwa hilo hadi mikutano ya wazee wa darasa miaka arobaini baadaye. Na kuna ufundi wake: macho dirishani, meno yamefungwa, midomo haisogei, neno linatokea kwenye pembe ya mdomo.

Etelka alitazama dirishani. Neno likatoka.

"Mahubiri!" alisema Barnabás, kama aliyeona nchi kavu. "Nitatoa mahubiri. Mafupi. Halafu... halafu mwalimu mkuu, yeye ata... ata..."

Dirishani. Pembe ya mdomo. "Atawakaribisha wageni."

"Atawakaribisha wageni! Halafu..."

Mara ya tatu Etelka alitupa sentensi nzima. Alikuwa ameshanogewa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya mto.

Daktari Ormos aliweka kalamu mezani. "Bibi Bodnár. Umesema nini hapo?"

Barnabás alifumba macho.

"Nimemnong'oneza," alisema Etelka.

"Mara ngapi?"

"Ulizosikia ni ngapi, Daktari?"

"Moja."

"Basi ni tatu."

Zalán aliinua kichwa haraka kumtazama mwenzake. Daktari Ormos hakucheka.

"Unajua kanuni?"

"Ninaijua. Yeye hakuniomba. Makosa ni ya kwangu."

Watahini walinong'onezana, wao walikuwa na ruhusa. Kisha Zalán akasoma uamuzi. Bwana Szalárdi atapewa nusu ya alama za mazungumzo, kumi na saba. Bibi Bodnár hatapewa kitu. Maana yake, alisema, na sauti yake haikuwa ya ubaya, anahitaji sitini kati ya sitini na tano zilizobaki. "Hakuna aliyewahi kuzipata mwaka huu," aliongeza. "Una haki ya kuacha sasa na kurudi mtihani ujao."

Mtihani ujao ulikuwa Desemba. Desemba kiti kingekuwa na mtu.

"Nipeni kadi," alisema Etelka.

Aliokota. Michezo na afya. Mada ya kumi na moja! Aliijua kuliko jina la mama mkwe wake. Akanyoosha mgongo, akafungua kinywa, na ile mada ikaanza kutoka yenyewe, maneno yamepangana kama askari. Siku hizi watu wengi zaidi na zaidi wanatambua umuhimu wa mtindo bora wa maisha. Kwanza kabisa, inatupasa kutaja...

"Simama," alisema Daktari Ormos.

Etelka akakatiza sentensi.

"Hiyo nimeisikia Jumanne, na Jumatano mara mbili. Hujaiongea, umeikariri. Nina haki ya kubadilisha kadi na ninaibadilisha." Aliigeuza kifudifudi. "Una dakika tano. Tueleze kwa nini ulimnong'oneza mtu usiyemjua, ukijua utapoteza."

Hapa ndipo mara tatu zilizopita uzi ulipokatika. Etelka alingoja uzi ukatike. Haukukatika, kwa kuwa safari hii haukuwepo uzi. Hakuwa na mada ya ishirini na tano kichwani. Kulikuwa na mto tu, na maneno ya kushoto.

"Nianze na mahali," alisema. "Mimi nalinda tuta. Mwaka elfu mbili, Aprili, maji yalikaa juu siku kumi na tisa. Kilomita zangu zinaishia kwenye jiwe. Baada ya jiwe ni za mtu mwingine, na kanuni inasema kila mlinzi abaki kwake. Ni kanuni nzuri. Nitairudia.

"Siku ya kumi na nne, asubuhi, nilifika kwenye jiwe nikaona upande wa pili, nyuma ya tuta, kwenye shamba la mtu, maji yanachemka bila moto. Jina lake kwa Kiingereza silijui. Mto unapita chini ya tuta na kutokea nyuma, unaleta mchanga. Ukiuacha, unalila tuta kwa chini na tuta linakaa. Kwa maneno mengine, linaanguka. Wajinga hulifunika lile jicho la maji. Hulifuniki. Unalijengea ukuta wa mifuko ya mchanga, mviringo, kama kisima, unaacha maji yapande ndani mpaka yachoke yenyewe. Jirani yangu alikuwepo. Alikuwa hajalala siku tatu. Alisimama analitazama jicho, mifuko iko miguuni pake, mikono haijui la kufanya. Mwanamume mwenye nguvu kunishinda. Nilivuka jiwe."

"Samahani," Zalán alikatiza. "Kila mlinzi akiacha sehemu yake kwenda kwa jirani, nani anabaki kulinda?"

Barnabás, kwenye kiti chake, alishika meza.

"Hapo umenigusa," alisema Etelka. "Nilisema nitairudia kanuni, basi niirudie sasa. Sikuacha. Nilikuwa nimetoka kuzipita kilomita zangu, zilikuwa kavu, na nikiwa pale niliweza kuona nyuma hadi kwenye kona. Ningekuwa na jicho langu mwenyewe linachemka, nisingevuka. Ningempigia kelele tu. Na hapa mezani ni vilevile. Sehemu yangu nilikuwa nimeshaisema. Ilikuwa kavu."

Zalán aliandika kitu, akaacha, akamtazama.

"Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Baada ya mafuriko nilipata barua ya onyo kwa kuvuka jiwe. Sikubishana. Aliyeiandika hakuwepo, na kanuni ilikuwa sahihi. Na nyinyi leo mko sahihi. Cheti kinasema mtu huyu anajua Kiingereza. Nikimtia maneno kinywani, cheti kinasema uongo. Nipunguzieni, ni haki. Lakini mmeniuliza kwa nini. Kwa sababu namwona mtu amesimama, ana nguvu, ana kila kitu miguuni pake, na mikono haijui la kufanya. Hiyo si mara ya kwanza kuiona. Mikono yangu ikishaona hivyo hainiulizi."

"Na ikitokea tena?" aliuliza Daktari Ormos. "Mezani hapa, kesho?"

Jibu la busara lilikuwepo, hata Barnabás alilijua. Alikuwa analisema kwa macho, kwa nguvu zake zote, hapana mama, sema hapana.

"Nitanong'ona kwa sauti ya chini zaidi," alisema Etelka. "Asanteni kwa kunisikiliza." Sentensi hiyo ya mwisho ilikuwa ya ukurasa wa mwisho wa daftari, chini kabisa.

Barnabás naye aliokota kadi yake, kuhusu usafiri wa mjini, akasema alichoweza. Alijikwaa, akasimama, akarudi nyuma kidogo. Etelka alikaa juu ya mikono yake mwenyewe, midomo ameibana, macho sakafuni dakika tano nzima. Alisema baadaye kwamba ile ndiyo ilikuwa sehemu ngumu ya mtihani.

*

Majibu yalisomwa ukumbini saa nane mchana. Wakingoja, walimaliza vimkate.

"Mama," alisema Barnabás, "umeniponza na kuniokoa kwa mdomo mmoja."

"Nusu uliyopewa ni ya kwangu, mchungaji. Uniombee."

"Nitakuombea. Kwa Kihungari."

Zalán alitoka na karatasi. Szalárdi Barnabás, hamsini na saba. Hakufaulu. Bodnár Etelka, sitini na moja. Amefaulu. Zalán alikuwa ametaka kumpa hamsini na saba, kwa sababu nyakati za vitenzi zilikuwa zimevurugika mtindo mmoja, na Daktari Ormos alitaka kumpa zote sitini na tano. Kanuni ikasema wagawane katikati.

Daktari Ormos hakutoka kumpongeza. Mlango ulikuwa wazi, na Etelka alimwona amepanga kalamu zake upya, anaita wawili waliofuata.

Cheti kilifika siku sita kabla ya maombi kufungwa. Chuo kilitoa shahada, imekunjika pembe moja. Bodnár Etelka akawa mkuu wa sehemu tarehe mosi Novemba, akakaa kwenye kazi hiyo miaka minane, mafuriko ya mwaka 2010 yakiwemo, akastaafu. Szalárdi Barnabás alirudia mtihani Machi, akapata sabini na mbili, bila msaada. Bado ni mchungaji upande wa Debrecen na ana watoto wanne. Lengyel Zalán aliacha kutahini, akahamia Vienna, anatafsiri mikataba ya mashirika ya reli. Daktari Ormos alistaafu mwaka 2011. Kelemen Dezső alifariki majira ya baridi yaliyofuata, akiwa na miaka sabini na tisa, na aliyesema kaburini alikuwa mwanafunzi wake wa Kirusi. Ambrus alipasuliwa goti na sasa hatembei haraka. Sharti la cheti cha lugha kwa wenye shahada lilikuja kufutwa, na vyuo vikaanza kugawa shahada zilizokuwa zimelala kabatini.